Hali, Hari na Kigugumizi cha Mashine ya Mmbone

Nyinyi vijana mna neno moja kwa magonjwa yote. Kompyuta ikichelewa kuwaka, "inalag." Picha ikiganda, "inalag." Intaneti ikikatika, "inalag." Juzi nimesikia mtoto hapa Iguhu akisema mama yake analag kwa sababu obusuma, ugali wetu, haijafika mezani. Sasa mgonjwa kama huyo utampa dawa gani, kama jina la ugonjwa wake ndilo jina la ugonjwa wa jirani?

Mimi nimetibu kompyuta za gemu mjini Kakamega mpaka nywele zikawa pamba. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo msinitafutie cheti ukutani, ukutani kuna kalenda. Lakini hakuna mashine iliyopita mikononi mwangu ikanishinda maneno. Kaeni basi niwafundishe, na mwenye simu aizime kwanza.

La kwanza: polepole si kigugumizi. Mtu wa polepole unamsikia kila neno, ni vile tu atakuchelewesha. Mwenye kigugumizi anaweza kuwa na mbio kukushinda, lakini neno linakwama kooni, halafu yanatoka matatu kwa pamoja na kukurushia mate. Mashine ni hivyo hivyo. Gari kwenye gemu linaenda vizuri, vizuri, vizuri, kisha tup! linasimama kufumba na kufumbua, na ukifumbua liko ndani ya mtaro. Hicho ni kigugumizi. Mtu akikuuzia dawa ya polepole umpe mwenye kigugumizi, amekula jasho lako.

Kazi hii niliingilia mlangoni, na kikombe mkononi. Zamani nilikuwanga naendesha kinu cha kusaga mahindi. Kinu kilipouzwa nikaanza kuuza chai na mahindi ya kuchemsha nje ya duka la Bwana Rajabu, mtu wa Mumias, fundi wa kompyuta. Siku moja nikimpa chai nikamwambia, "Bwana Rajabu, hiyo mashine ya pembeni inalia kama kinu chenye beringi imekwisha." Akacheka. Akaifungua. Beringi ya feni ilikuwa imekwisha kabisa, inacheza kama jino la mtoto. Akanitazama, akatazama birika langu.

"Mama, tafuta mtu mwingine wa kuuza chai. Wewe ingia ndani."

Nikaingia, na somo la kwanza kabisa nikalipata vibaya.

Rajabu alikuwa na Kiswahili kilichonyooka, kimepita madrasa. Akaniambia, "Mashine yoyote ikija, kabla hujagusa skrubu hata moja, angalia hari." Sasa sisi watu wa huku mnatujua. R na L kwetu ni mapacha, mmoja akitoka mwingine anaingia, hata mama yao hawatofautishi. Mtu anaomba kalamu analetewa karamu. Nikadhani hata Rajabu ulimi umemteleza kama wetu. Akisema "hari," mimi nikasikia "hali."

Basi nikawa naangalia hali. Mteja akija nampa kiti, namuuliza kama daktari: Mashine inatoka wapi? Inalala wapi? Ilianza lini kusumbua? Inasumbua ukifanya nini? Nani aliigusa mwisho? Rajabu akinipigia kelele kutoka ndani, "Mama, hari vipi?" nami najibu, "Si mbaya sana, ila wanailaza jikoni!" Anaendelea na kazi. Nafikiri alidhani ni mafumbo ya Kiluhya.

Tukaenda hivyo mpaka siku aliposhika kipande kimoja ndani ya mashine niliyompitishia mimi, akaruka kama amekanyaga siafu, kidole mdomoni.

"Mama! Si nilikwambia uangalie hari?"

"Nimeangalia! Mwenyewe amesema ilinunuliwa Kisumu, inalala sebuleni, na haina ugomvi na mtu!"

Akakaa kwenye stuli. Akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Hari, mama! Ha-ri! Joto!"

"Si ungesema joto?"

Tangu siku hiyo pale dukani tukawa na mbili: hali na hari. Yake na yangu. Na mimi yangu sikuiacha, mtaona kwa nini.

Sasa nyinyi mnaopenda kununua. Mashine ikisumbua mnakimbilia kubadilisha kadi ya picha, kwa sababu ndiyo yenye taa na jina kubwa. Ngojeni. Mmeona matrekta ya miwa yamepanga foleni barabarani, miwa inakauka juu? Mjinga akiona foleni anasema leteni matrekta mengine. Mwenye akili anafuata foleni kwa miguu mpaka mbele, aone ni nani anayechelewesha wenzake. Ndani ya kompyuta, diski ni shamba, vitu vya gemu vimelala huko. Ramu ni trekta, inabeba vinavyotakiwa sasa hivi. Prosesa ni mnyapara, anaamrisha kila mtu. Kadi ya picha ni mtambo wa kukamua, ndiyo inatoa picha unayoiona. Kama mtambo unafanya kazi kwa nguvu zake zote na bado picha ni chache, basi mtambo umezidiwa, kanunue. Lakini kama mtambo umekunja mikono na picha hazitoki, utanunua mtambo wa pili ili nao ukunje mikono?

Kujua ni rahisi. Ingia kwenye gemu, punguza ukubwa wa picha. Mwendo ukipanda, kadi ndiyo ilikuwa imebeba mzigo mkubwa. Usipobadilika, achana na kadi ya watu, rudi nyuma kwenye foleni.

Na usidanganywe na ile namba ya pembeni ya skrini, inayoonyesha picha ni ngapi kwa sekunde. Rajabu aliipenda sana. "Ona mama, namba iko juu, mgonjwa amepona." Nami nikamwambia, "Lakini amejikwaa."

"Amejikwaa wapi? Namba haijashuka."

Mimi ni mtoto wa Iguhu, nimecheza isukuti kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nikampigia mezani kwa viganja, ngoma kubwa na ndogo. Kisha nikaruka pigo moja, nikaziba haraka haraka kwa mapigo mawili. Nikamuuliza, "Ngoma zimepungua?"

"Hapana."

"Lakini mchezaji?"

Akafikiri. "Mchezaji ameanguka."

"Sasa usihesabu ngoma. Sikiliza mapengo."

Akatafuta mahali pa kuonyesha mstari wa pengo kati ya picha na picha, na mstari huo ukawa unaruka juu kama panzi kila mahali nilipokuwa nimesema. Kuanzia hapo Rajabu alikuwa akimaliza kutengeneza ananiita: "Mama, njoo ucheze." Nasimama mbele ya skrini, mguu unapiga chini. Mguu ukikosea, mashine hairudi kwa mwenyewe.

Kuna mtu wa Mautuma alituletea mashine inayogugumia na kunuka. Tukafungua. Manyoya kwenye feni, na chini, kando ya boksi la umeme, yai. Alikuwa ameacha ubavu wa mashine wazi ili ipate hewa, na ingokho, kuku wake, ikapita, ikaona pana joto na taa za rangi, ikafikiri ni hoteli.

"Lakini mama," akajitetea, "kwenye video wao wanaachanga wazi."

"Na hao wa kwenye video, umeona ingokho sebuleni mwao?"

Akauliza yai liko wapi. Nikamwambia yai limeingia kwa bei ya ufundi. Kifuniko kina kazi yake: kinaelekeza upepo upite kwenye vyuma vya moto. Kiache mahali pake, na kuku mle kwa sahani.

Sasa niwaambie ya Mmbone, kwa sababu hiyo ndiyo inanifanya nitembee kifua mbele mpaka leo.

Mmbone ni binti wa mtoto wangu wa kwanza. Anacheza gemu ya mbio za magari, na kusema kweli huyo mtoto akishika usukani hata mimi nafunga mkanda nikiwa kitini. Nilikuwa nimeshastaafu, wamenifanyia karamu kubwa ya kuniaga, nimerudi kwa majani chai yangu Iguhu. Siku ya Alhamisi nikamwona anapanda kwa njia, macho mekundu.

"Kukhu, mashine inalag."

"Inafanya nini?"

"Pole, Kukhu. Inagugumia."

"Haya. Sasa lia."

Akanieleza. Amefika fainali. Ni Jumamosi, ukumbi uko mjini, na atakayeshinda ndiye ataenda Nairobi kwa niaba ya kaunti yetu. Kila mtu anakuja na mashine yake. Tena barabara ya fainali ni mpya, imechorwa kwa siku hiyo, hakuna aliyewahi kuiona. Kijana mmoja fundi alimwambia kadi ya picha imekufa, na kadi nyingine hana pa kuitoa. Mpinzani wake ni mvulana wa Butere anayejiita Treni.

"Na huyo Treni anasemaje?"

"Amesema nikija na hiyo mashine nibebe mkate na chai ya thamosi, safari itakuwa ndefu."

Nikaweka kikapu cha majani chini. "Twende."

"Nikuletee hapa?"

"Mgonjwa anapimwa kitandani kwake."

Nilipofika chumbani kwake mjini sikugusa kompyuta. Nilisimama nikasikiliza. Nyuma ya ukuta, kinu cha kusaga unga, kinanguruma kama zamani zangu. Mezani, birika la umeme linapiga mvuke. Nikapitisha kidole juu ya kabati, kikarudi cheupe. Hali hiyo. Hata skrubu bado.

Tukachomoa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwasha ili umeme uliobaki ndani umalizike, tukafungua. Vile vyuma vyembamba vinavyopoza prosesa havikuonekana. Unga umepita dirishani, mvuke wa chai umeukanda, joto limeupika. Nikamwita Mmbone.

"Leta mboga."

"Mboga ya nini, Kukhu?"

"Obusuma iko tayari."

Mtoto akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tukakwangua kwa kijiti, tukapiga brashi ya rangi ambayo haijaona rangi, tukapuliza. Na feni unaishika kwa kidole ukipuliza, usiiache izunguke ovyo itaharibika. Nikafuta dawa ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa, ilikuwa imekauka kama tope la Januari, nikaweka mpya, punje moja ya hindi, si kijiko. Tukahamisha mashine upande wa pili, mbali na dirisha, na birika nikalifukuza chumbani.

Kabla ya hapo, akizunguka mara kadhaa mashine ilikuwa inapata hari, prosesa inajipunguzia kazi isiungue, na gari linakuwa kobe. Sasa akazunguka, akazunguka tena, joto limetulia. Mmbone akaruka juu. "Umeiponya!"

"Kaa chini. Fungua barabara ambayo hujawahi kupita."

Akafungua. Kona ya kwanza, tup. Daraja, tup. Mguu wangu ukakosea sakafuni, na gari likaingia mtoni.

Mvua ikaanza kupiga mabati, ile ya kila mchana. Mmbone akaweka mikono mapajani akasema taratibu, "Basi nitamwambia Treni aende Nairobi."

"Treni haina mabawa. Nijibu. Inagugumia mzunguko gani?"

"Wa kwanza."

"Wa pili?"

"Wa pili iko sawa."

"Na ukibadilisha barabara?"

"Inaanza tena. Wa kwanza tu."

Mnaona? Hapo hari imemaliza kazi yake, imeenda nyumbani. Inayobaki ni hali. Nikamwambia apunguze ukubwa wa picha. Akapunguza, kigugumizi palepale. Kadi haina hatia, imekunja mikono inangoja. Barabara ikiwa mpya inakwama, ikishapitwa mara moja haikwami, kwa sababu imeshaletwa, iko kwenye trekta. Basi foleni inaanzia shambani. Kwenye diski.

"Gemu umeiweka diski gani?"

Mashine yake ina mbili. Moja ya zamani, inayozunguka kama santuri, ilikuja na mashine. Nyingine mpya, haina kitu kinachozunguka, ni umeme mtupu.

"Ya zamani," akasema.

"Na ile ya mbio?"

"Imejaa."

"Imejaa nini?"

Akaangalia vidole vya miguu. "Kukhu, usikasirike."

Akafungua. Nani huyo kwenye skrini? Mimi! Karamu yangu ya kuniaga, kuanzia maombi ya asubuhi mpaka sufuria za mwisho, imechukuliwa na kamera pande zote. Mimi nakata keki. Mimi nacheza isukuti na Rajabu, na Rajabu anacheza kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Nikakumbuka nilivyomwambia Mmbone: weka hiyo video mahali pazuri kabisa, mahali pa mbio, nikitaka kujiona nisingojeshwe. Mtoto ana heshima, akaniweka. Gemu yake ikakosa nafasi, ikalazwa kwenye diski kuukuu.

Nikajitazama pale nimejaa diski nzima ya haraka, nazungusha kiuno.

"Nihamishe."

"Kukhu?"

"Nihamishe kwa ile ya zamani. Mimi kwa hiyo video nachezea palepale, siendi popote. Wewe ndiye una safari."

Na video haipungukiwi kitu, msinionee huruma. Video inajua kinachofuata, inasomwa moja kwa moja, hata diski kuukuu inaiweza. Gemu haijui utakata kona gani, inataka shamba linalotoa haraka. Tukahamisha, mvua ikanyesha ikakoma, gemu ikaingia kwenye nafasi yangu na nafasi nyingine ikabaki wazi, maana diski ya haraka nayo ikishindiliwa mpaka shingoni inachoka.

"Barabara mpya," nikasema.

Akaondoka. Kona. Daraja. Msitu. Mguu wangu ukapiga, ukapiga, ukapiga, haukukosea hata pigo moja. Nikampigia simu Rajabu, siku hizi analima miwa Matungu.

"Asalaam aleikum, mama. Hari?"

"Ilikuwa na obusuma, nimeitoa."

"Na ikapona?"

"Nusu. Nusu nyingine ilikuwa hali."

Alicheka mpaka nikajua miwani imeanguka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Treni ni kijana mrefu, mpole kuliko mdomo wake, akanisalimia kwa adabu kisha akamgeukia Mmbone. "Mkate umebeba?"

"Nimebeba wako," Mmbone akamjibu.

Wakaanza. Treni akatangulia, na niwe mkweli, anaendesha vizuri. Lakini barabara hakuna aliyeijua, na kila kona ni ngeni. Mimi sikuangalia nani yuko mbele. Niliangalia picha ya Mmbone tu, viganja juu ya mkoba, napiga isukuti yangu. Kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Mama aliyekaa kando yangu akadhani naomba. Kona kama zile zilizokuwa zinamtupa mtoni, Mmbone sasa anaziingia bila kushika breki, kwa sababu anajua jicho lake halitadanganywa. Kwenye daraja la mwisho wakawa sambamba. Treni akapunguza mwendo aone kona. Mmbone hakupunguza.

Ukumbi ulilipuka. Mmbone akasimama juu ya kiti.

"Treni! Butere ndiyo mwisho wa reli!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika nguzo. Treni mwenyewe akacheka, akampa mkono, akamwambia aende Nairobi asiaibishe kaunti.

Mimi nikapaza sauti kutoka nyuma, "Mmbone! Hari?"

Akaweka kiganja ubavuni mwa mashine, vile nilivyomfundisha.

"Baridi kama mto Isiukhu!"

"Na hali?"

Alishuka kitini, akapita katikati ya watu wote wale, akaninyanyua. Mtu akaanza kupiga meza, mwingine akajibu, isukuti ikashika ukumbi mzima, na mimi huyo nikaingia katikati na goti langu bovu. Walinichukua video, kila simu iko juu.

Jioni hiyo Mmbone akaniuliza, "Kukhu, hii nayo niiweke wapi?"

Nikamwambia, "Kwa ile ya zamani. Kando ya Rajabu."